Daladala na UDA, nani kamtangulia mwenzake?

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dar, juzi tumebishana geto mpaka usiku. Mwenzangu anasema daladala zilikuwepo toka enzi alafu serikali ikaleta UDA (Usafiri Dar es Salaam, shirika lake la mabasi ya mjini) kuzipunguza, mi nasema UDA ndo mkubwa. Na hili jina, kweli limetoka kwenye dola ya Marekani? (Denti wa Mbagala)

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeshinda wewe.

UDA imezaliwa 1974, na yenyewe ina mzazi. Kulikuwa na kampuni ya Waingereza inaitwa DMT (Dar es Salaam Motor Transport), toka 1949 ndo wenye mabasi ya mjini, 1970 serikali ikaichukua, baada ya miaka minne ikaigawa: UDA ikabaki na Dar, KAMATA (Kampuni ya Mabasi ya Taifa) ikapewa safari za mikoani.

UDA mi naikumbukia Ikarus zake, mabasi ya Hungaria yale marefu, tulikuwa tunayaita kumbakumba. Yameungwa katikati kwa mpira wenye mikunjo, na chini pale kwenye maungio kuna sahani ya chuma. Nilikuwa mdogo, kiti sitaki, nakimbilia pale pale katikati, basi likikata kona sahani inazunguka chini ya miguu, mpira upande huu unajikunja upande ule unanyooka, mama kanishika kola ya shati. Raha ile sijaisahau mpaka leo.

Sasa mji ukakua kuliko mabasi. Mafuta yakapanda bei, vita ya Kagera ikaja, fedha za kigeni za kuagizia spea zikawa shida, na nauli inapangwa na serikali iwe chini mwananchi aimudu, kwa iyo basi likiharibika ndo linalala gereji. Watu wenye magari yao wakawa wanabeba abiria kwa kujificha, zile tulizoita chai maharage, mnakaa mkitazamana, huku dereva anakwepa polisi. 1983 serikali ikakubali, ikaruhusu magari ya watu binafsi, lakini kibali wanakichukua UDA na UDA wanailipa. Hapa ndo mwambie mwenzako asome mara mbili: daladala ziliingia kihalali kwa mlango wa UDA, zimekuja kuiongezea nguvu, ndo baadae zikajaa mji mzima.

Jina sasa. Nauli ilikuwa shilingi 5, na ile sarafu ya 5 mtaani watu wanaiita dala, yaani dola, basi konda kaning'inia mlangoni anaita "dala, dala!" Kwa iyo dola imo kwenye neno, ila hakuna abiria aliyelipa dola.

Na UDA usidhani imezikwa. Mwendokasi, mabasi yenye barabara yao peke yao, ulipoanza Mei 2016, Kimara mpaka Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco, aliyepewa kuendesha ni UDA-RT, imetoka humo humo UDA, na daladala za barabara ya Morogoro zikahamishiwa njia nyingine. Nauli ya njia kuu ilianza na 650. Mi nilichofurahia zaidi ni kuona yale marefu yenye mpira katikati yamerudi barabarani. Siku ukipanda la Kimara kwenda Morocco, kiti muachie mtu mwingine, simama pale kwenye maungio, shika bomba vizuri, usubiri likate kona Magomeni kuingia barabara ya Kawawa.