Asilaumiwe woga, kagueni viatu

SWALI: Binti yangu ana miaka 14. Amezoea viatu vya magurudumu, na sasa ameanza hoki ya barafu, akicheza na wavulana. Nilimpatia viatu vya mtumba Gikomba, namba ile ile ya viatu vyake vya shule, na huvaa soksi mbili ndani. Akiwa mwendoni akitaka kusimama anaanguka, na vifundo vinalala upande wa ndani. Kocha anasema ni woga. Nifanyeje?
Mama Binti, South B

JIBU: Mama Binti, viatu hivyo ni vikubwa. Vya hoki huvaliwa namba moja au moja na nusu chini ya vile vya kawaida, na soksi moja nyembamba. Toa soli ya ndani, asimame juu yake, vidole vifike ncha: nyuma ya kisigino isibaki nafasi inayozidi upana wa kidole. Akishafunga kamba na kukunja magoti, kisigino kisinyanyuke. Soksi ya pili haisaidii. Mguu bado unacheza ndani, na kifundo kinalala.

Kisha geuza kiatu, uti wa chuma utazame juu. Una kingo mbili na mfereji katikati. Laza sarafu ya shilingi kumi juu yake: ikiinama upande, kingo hazilingani, na ndiyo maana anateleza. Tafadhali usimpelekee fundi wa visu wa mtaani, jiwe lake litafuta mfereji wote. Inahitajika mashine ya viatu vya barafu. Mwanzoni mfereji wa nusu inchi unatosha (si kina chake, ni nusu kipenyo cha mviringo wake).

Kusimama ni somo jipya kabisa kwake. Kwenye magurudumu huburuta mguu wa nyuma. Kwenye barafu ukingo hukwangua. Ashike ukuta, akunje magoti, asukume mguu mmoja nje kwa ukingo wa ndani mpaka barafu itoke unga kama nazi kwenye mbuzi. Mara 20 kila mguu, aanze na ule dhaifu. Goti likinyooka, chuma kinauma ghafla na kumrusha.

Nyumbani, siku tatu kwa wiki, achuchumae mara 10 kwa seti 3 mbele ya kioo, goti lifuate kidole cha pili cha mguu. Wasichana wa rika hili huumia kano za goti kuliko wavulana, hasa magoti yanapoingia ndani wakitua.

Kucheza na wavulana aendelee, ila asiingie bila kofia yenye wavu wa uso mzima na kinga ya shingo.