Pointi 107 bila kupanda moja kwa moja

Ndugu, umeuliza iliwezekanaje klabu ya soka ya Notts County, msimu wa 2022/23, wapate pointi 107 na bado walazimike kucheza mchujo wa kupanda daraja. Sababu ni kwamba katika National League, ambayo ni daraja la tano Uingereza, bingwa peke yake ndiye aliyepanda moja kwa moja, na bingwa huyo, Wrexham, alikuwa na pointi 111. Notts walipoteza mechi tatu tu kati ya 46, wakafunga mabao 117, ambapo 42 yalikuwa ya Macaulay Langstaff.

Kilichoniumiza zaidi ni mechi ya tarehe 10 Aprili 2023 kule Wrexham: Notts wakiwa nyuma 3-2, walipata penalti dakika za nyongeza, naye kipa wa Wrexham, Ben Foster, akaipangua ile ya Cedwyn Scott. Katika nusu fainali ya mchujo, Notts walitoka nyuma mabao mawili, wakawashinda Boreham Wood 3-2 mwishoni kabisa mwa muda wa ziada. Fainali dhidi ya Chesterfield, pale Wembley, iliisha 2-2, ikaamuliwa kwa penalti 4-3, na aliyefunga ile ya ushindi alikuwa Scott yuleyule, jambo lililonifurahisha mno.