Nimemaliza chuo cha urembo, nisomee nini tena?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 22, naishi Temeke. Mwezi Machi nimemaliza mwaka mmoja wa mafunzo ya urembo, cheti ninacho. Najua kusafisha uso, kucha, waksi na kupamba maharusi. Nimepata kiti kwenye saluni ya mama mmoja Tandika, tunagawana nusu kwa nusu. Nimedunduliza shilingi 700,000 niongeze ujuzi. Kuna kozi ya siku tatu ya tatoo ya nyusi, ada yake inamaliza hela yote. Kuna ya kubandika kope, na kuna ya masaji ambayo rafiki yangu anasema ndiyo itanifikisha kwenye hoteli za Zanzibar. Nichague ipi?
Msomaji, Temeke

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Kabla sijakujibu nikupe habari ya mawe yangu. Nilipokuwa mgeni kazini kama wewe, nilikimbilia kusomea masaji ya mawe ya moto. Nikanunua na mawe yenyewe, meusi, laini kama sabuni iliyotumika, pamoja na chungu chake cha umeme. Chumba changu kilikuwa nyuma ya kinyozi, katikati pazia la khanga. Nani alale pale mgongo wazi, upande wa pili mashine inanguruma na watu wanabishana Simba na Yanga? Miezi minane nikapata wateja wawili, mmoja wao shoga yangu, tena bure. Na kila Jumamosi nilikuwa nawarudisha watu waliotaka kope.

Kwa hiyo nami nakuuliza: wiki hii umemrudisha nani? Nunua daftari. Mwezi mzima andika kila mteja aliyeomba kitu usichokijua, na alikuwa tayari kutoa shilingi ngapi. Daftari la Tandika halifanani na la Masaki, na rafiki yako wa Zanzibar hawezi kukujazia.

Tatoo ya nyusi, kwa sasa hapana. Pale unachanja ngozi, damu inatoka, na damu inaweza kubeba homa ya ini na VVU. Ngozi zetu nyeusi zikijeruhiwa huacha baka linalokaa miezi, na wengine huota kovu linalovimba hadi kupita jeraha lenyewe. Tena rangi unaijua imekaaje baada ya wiki kadhaa, ndiyo maana mteja huitwa tena kurekebishwa. Sasa kozi ya siku tatu! Utarudi nyumbani hujaona hata nyusi moja iliyopona. Kope zikikosewa zinatolewa, nyusi zikikosewa mtu anatembea nazo sokoni.

Kope nazo si mchezo. Gundi yake ni ndugu wa ile super glue ya dukani, na kuna watu inawavimbisha macho. Lazima ufundishwe kujaribu tone nyuma ya sikio siku moja kabla, na kutenga kope moja moja ili zisishikane. Mwalimu asiyegusia hayo anakuuzia cheti.

Ukienda kuulizia kozi yoyote, swali la kwanza liwe: nitagusa watu wangapi kwa mikono yangu? Mimi niliwahi kulipia mahali tukawa wanafunzi 26 na modo mmoja. Simu yangu ilijaa picha za mgongo wa mwalimu. Uliza pia vifaa ananunua nani, maana ada ndogo mara nyingi ina mkia.

Masaji usiitupe. Ila hoteli zinataka uzoefu na Kiingereza cha kuongea na mgeni, na masika ya Aprili na Mei wageni hupungua, hata wenyeji wa kazi hurudishwa nyumbani. Iache hadi mwakani. Kabla ya hapo uliza kama chuo chako kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na kama unaweza kupanda ngazi inayofuata.

Lakini kuna kitu hukukitaja kabisa, nacho ni ngozi yenyewe. Wewe unapamba maharusi. Alhamisi moja niliingiziwa bibi harusi, ndoa Jumamosi, mikono yote imetoka malengelenge yaliyofuata mchoro wa piko, ile inayoitwa hina nyeusi, ua kwa ua, jani kwa jani. Amechorwa mahali pengine, lakini amekuja kwangu nimfiche. Sikumpaka kitu. Nilimpeleka zahanati, na fundi akamshonea mikono mirefu usiku uleule. Hina ya kweli haitoi weusi wa tititi, inaanza rangi ya chungwa ikaishia hudhurungi. Ule weusi ni rangi ya kupaka nywele. Chuoni sikufundishwa hilo. Ukipata mafunzo ya mzio na magonjwa ya ngozi nyeusi, hata ya wiki mbili, toa hela bila kuniuliza.

Daftari likijaa niandikie tena, na uniambie kope zimetajwa mara ngapi. Na ikitokea masaji ndiyo imeshinda, yale mawe bado ninayo, yanazuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo. Nitakuuzia bei ya kutupa.