Umeme na sumaku kwa kujisomea: uanze na kitabu gani?

Mdogo wangu, umesema umemaliza kidato cha sita PCM (fizikia, kemia na hisabati), unasubiri chuo, na unataka kusoma umeme na sumaku wa mwaka wa kwanza peke yako. Mmoja kakwambia anza na kitabu cha Griffiths, mwingine cha Purcell, na hela uliyonayo inatosha kitabu kimoja. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu njia hiyo nimeipita, nikisoma usiku baada ya kutoka kazini kwenye karakana ya kusuka mota, bila mwalimu.

Anayejisomea hana wa kumsahihisha, na hilo ndilo linalopaswa kuamua kitabu. Kabla hujauliza nani anaeleza vizuri, uliza mambo mawili: je, kitabu kina majibu ninayoweza kujipima nayo? Na je, hesabu kinazozidai ninazo tayari?

Kwa vigezo hivyo Griffiths usianze naye. Introduction to Electrodynamics ni kitabu kizuri mno, anaeleza kama mtu aliyekaa pembeni yako. Lakini kimeandikwa kwa wanachuo ambao umeme na sumaku wa mwanzo wameshausoma. Sura ya kwanza nzima ni uchambuzi wa vekta: gradienti, divajensi, intigro za kwenye mstari na kwenye uso. Tena majibu ya maswali yake mengi hayamo kitabuni. Nimeona vijana wenye vichwa vizuri wakikwama kwenye sura hiyo, wakaamini fizikia imewashinda, kumbe hata chaji ya kwanza hawajakutana nayo. Mwekee nafasi mwaka wa pili.

Purcell ni habari nyingine, na hapa naomba univumilie maana ndicho kitabu ninachokipenda kuliko vyote. Kinaitwa Electricity and Magnetism, kilitoka 1965 katika mfululizo wa vitabu vya fizikia wa Berkeley. Vitabu vingi vinakupa nguvu ya sumaku kama kitu kipya kilichodondoka kutoka juu: hii hapa kanuni, ikariri. Purcell anakuonyesha inakotoka. Chukua waya wenye mkondo, na chaji inayokimbia sambamba nao. Kwako uliyesimama, waya hauna chaji ya ziada, chanya na hasi zinalingana. Sasa jiweke upande wa ile chaji inayokimbia. Kwa mujibu wa Einstein, umbali kati ya vitu vinavyokwenda hufupika, na kwa kuwa chanya na hasi za kwenye waya sasa zinakwenda kwa kasi tofauti, hazilingani tena. Waya unaonekana una chaji, kwa hiyo unavuta au unasukuma. Nguvu ambayo wewe uliyesimama unaiita ya sumaku, kwa anayekwenda pamoja na chaji ni ya umeme tu. Mimi niliyeshinda mchana kutwa na koili za shaba mikononi, usiku ule sikulala mapema.

Ila angalia toleo. Nakala nyingi zinazozunguka mtandaoni ni za matoleo ya zamani, yanayotumia vipimo vya CGS (sentimita, gramu, sekunde). Humo kanuni ya Coulomb, ya nguvu kati ya chaji mbili, haina ile namba ya mbele uliyoizoea, na kasi ya mwanga inajitokeza kwenye fomula za sumaku mahali ambapo hukuitarajia. Ukichanganya na notisi zako za shule utapata majibu yasiyoeleweka. Tafuta toleo la tatu, la 2013, lililoboreshwa na David Morin: linatumia SI, vipimo vya mita na kilo ulivyovizoea shuleni, na lina maswali mengi yaliyokokotolewa mpaka mwisho. Hilo ndilo la kutolea hela.

Lakini usilifungue kwanza. Anza na University Physics ya OpenStax, juzuu ya pili. Ni bure kabisa, unapakua kwenye simu. Sura nne za mwanzo ni za joto, ziruke. Umeme unaanzia sura ya tano hadi ya kumi na sita. Majibu ya maswali ya namba witiri yako nyuma. Nenda steshenari ukachapishe sura mbili mbili, kwa sababu fizikia ya kwenye kioo cha simu huishia kutazamwa tu. Ile Advanced Level Physics ya Nelkon na Parker uliyotumia A-level usiiuze. Kwenye kapasita na galvanomita bado itakufaa. Mihadhara ya Feynman, juzuu ya pili, inasomeka bure kwenye tovuti ya Caltech, isome kwa raha yako jioni. Haina mazoezi, kwa hiyo isiwe kitabu chako kikuu.

Swali ambalo halina jibu nyuma utalipima hivi. Tuseme umetafuta uga wa umeme kwenye mhimili wa pete yenye chaji. Weka umbali sifuri, katikati ya pete: lazima upate sifuri, kwa kuwa kila upande unaghairi upande wa pili. Sasa weka umbali mkubwa sana: lazima ibaki fomula ya chaji moja ya nukta. Jibu likifeli mojawapo, rudi kwenye intigro yako. Ukizoea kujipima hivi, kukosa mwalimu kutakuumiza kidogo sana.

Na ukifika kanuni ya Faraday, ya 1831, kwamba uga wa sumaku ukibadilika ndani ya koili huzalisha volteji, usiikimbilie fomula. Tafuta drili mbovu ya umeme, ile yenye brashi za kaboni, uifungue uzione koili. Drili nzima ikizunguka, koili zake zinazalisha volteji inayopinga ile ya ukutani, ndiyo maana mkondo unabaki mdogo. Ikikwama, volteji hiyo pinzani inatoweka, mkondo unapanda, waya unaungua. Tunazopokea karakanani zikinuka vanishi iliyoungua, nyingi zimekufa hivyo.

Umeuliza pia kuhusu kitabu cha fizikia cha Halliday na Resnick kilichotumika. Ukikikuta kwa bei ya chini kichukue, hata toleo la nyuma. Sura za umeme hazibadiliki sana toleo kwa toleo, na majibu ya namba witiri yamo. Kagua tu kwamba kurasa za mwisho hazijachanwa.