Jibu: Puli ya mashua kwa unga wa alumini

Ndugu yangu wa Changamwe, umeuliza kama chenga za alumini zinazobaki kwenye kerezo (mashine ya kuchonga metali ikizunguka) zaweza kusagwa, kushindiliwa na kuokwa ziwe puli imara ya mashua. Viwandani unga hutumika kweli, ila si hivyo.

Shida ni ngozi. Kila chembe ya alumini hujivika utando wa oksaidi, yaani alumini iliyoungana na oksijeni, papo hapo. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi. Utando ule hauyeyuki mpaka uvuke 2,000. Ukioka tu, chembe zagusana bila kushikana, na ukigonga kipande chako kwa nyundo kitamomonyoka kama mkate mkavu. Wenye viwanda hupuliza aloi (mchanganyiko wa metali) iliyoyeyuka kwa gesi, matone yagande upesi mno, fuwele zibaki ndogo sana. Nguvu inatoka hapo. Kisha hufukuza unyevu ndani ya ombwe (chombo kilichotolewa hewa), na kuusukuma unga ukiwa moto kupitia tundu la chuma ili utando upasuke, metali ikutane na metali.

Tafadhali sana, usisage! Unga laini wa alumini ukitimka hewani, cheche moja yatosha kuulipua.

Nunua fimbo ya aloi ya alumini iitwayo 6082-T6, uikereze. Aloi nyingine, 7075, ina nguvu zaidi, lakini maji ya chumvi huila haraka.