Kabla ya kuchagua kati ya i7-14700K na Ryzen 7 7800X3D, pima kwanza nani anamsubiri nani

Mkuu, hizo fedha zirudishe benki kwanza. Umeandika kwamba una prosesa ya Core i5-12400F kwenye ubao mama wa B660 wenye RAM za DDR4, kadi ya michoro ya RX 6600 na monita mpya ya 1440p (pikseli nyingi kuliko ile ya kawaida ya 1080p), kwamba mchezo wa Cyberpunk 2077 umekuwa mzito tangu ulipobadili monita, na kwamba Jumamosi unakwenda Kariakoo kuchukua prosesa mpya, ama Core i7-14700K ya Intel ama Ryzen 7 7800X3D ya AMD. Unauliza ipi itatoa fremu nyingi, yaani picha nyingi kwa sekunde, ipi inakula umeme kidogo, ipi ina thamani kwa bei yake, RAM iwe 32 au 64, na ipi itakufaa ukianza kuhariri video za harusi. Nimesoma maelezo yako mara mbili na moyo umeniuma, kwa sababu ukiondoa hiyo RX 6600 ukaweka RTX 3060, hiyo ni mashine yangu ya Februari 2024, na hiyo safari ya Kariakoo nimeshaifanya mimi.

Prosesa yangu ilikuwa hiyohiyo 12400F, nayo ilinitumikia bila shida kwenye monita ya 1080p. Siku niliyoweka monita ya 1440p, fremu za Cyberpunk zilishuka hadi 47 kwa sekunde, nami nikaamua kwamba prosesa imezeeka. Nilikwenda dukani na swali kama lako. Muuzaji, ambaye ndiye pia fundi wa duka lile, hakuniuliza nina kadi gani ya michoro wala natumia monita gani. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika 20 upande mmoja na 8 upande wa pili, chini yake akaandika 5.6 na 5.0, kisha akazungushia duara 20 na 5.6 kwa kalamu nyekundu. Hizo zilikuwa kori, yaani viini vya kupigia hesabu ndani ya prosesa, na gigahezi za kasi yake: 14700K upande mmoja, 7800X3D upande wa pili. "Soketi ni ileile," akaniambia, "unachomoa hii unachomeka ile, unasasisha BIOS, kazi imekwisha." Kuhusu soketi alisema kweli, kwa kuwa prosesa za Core za kizazi cha 12, 13 na 14 zote hukaa kwenye LGA1700, na ubao wa B660 huipokea 14700K ukishasasishwa BIOS, ile programu inayouamsha ubao. Kwa sababu hilo moja lilikuwa kweli, nilimwamini na mengine yote. Nikalipa shilingi 1,250,000.

Usiku ule niliwasha mchezo, nikasimama mahali palepale sokoni ndani ya mchezo ambapo huwa napimia, na namba iliyokuwa pembeni mwa monita ikasoma 48. Fremu moja. Nilizima nikawasha tena, nikasasisha kila kinachosasishwa, ikabaki 48. Nilichokiona badala ya fremu ni joto. Kipoozeo kidogo kilichokuja na 12400F hakikuwa na uwezo wowote mbele ya 14700K, na kila mara mchezo ulipokuwa ukiandaa mwanzoni sheda zake, yaani programu ndogondogo za kuchora picha, prosesa ilifika nyuzi 100 na kujipunguzia kasi, huku UPS yangu ya VA 650 ikipiga kelele ya kuzidiwa. Nikarudi dukani. Akanieleza kwamba prosesa haipumui, akaniuzia kipoozeo cha maji chenye feni tatu kwa shilingi 380,000. Joto likashuka. Fremu zikabaki 48.

Nikarudi tena. Safari hii alisema ubao ndio unaoibana. Hilo nalo, likisimama peke yake, si uongo. Kuna sehemu ya ubao inayopokea volti 12 kutoka pawa saplai na kuzishusha hadi volti moja na kidogo kwa ajili ya prosesa, na 14700K inapofika kikomo chake cha wati 253, mkondo unaopita pale unakaribia ampea 200. Ubao wangu wa bei ya chini haukuwa hata na bati la kupoozea sehemu hiyo. Kwa hiyo nikanunua ubao wa Z790 kwa shilingi 650,000, kisha pawa saplai ya wati 850 kwa shilingi 350,000 kwa sababu ile ya zamani "isingeweza". Jumlisha na prosesa na kipoozeo: ni shilingi 2,630,000. Cyberpunk ikasoma 48. Mama watoto akawa anaanika nguo za mtoto nyuma ya kompyuta wakati wa masika, na nakuapia zilikuwa zinakauka.

Hasira yangu kwa mtu yule haijaisha hadi leo, na sababu yake si kwamba alinidanganya kuhusu kifaa kimoja. Kila alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake: ni kweli prosesa ilikuwa ya moto, ni kweli ubao ulikuwa dhaifu, ni kweli kori 20 ni nyingi kuliko 8. Alichokosa kufanya ni kuuliza tatizo langu liko wapi, jambo ambalo fundi yeyote wa pikipiki hulifanya kabla hajashika spana. Nilirudi kwake mara mbili na malalamiko yaleyale ya fremu, na mara zote alijibu kwa kuniuzia kitu.

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu, ambaye hajawahi kununua prosesa maishani mwake. Alikaa, akatazama, akauliza, "Kaka, umewahi kuangalia kadi inafanya kazi kwa asilimia ngapi?" Akaweka programu ya MSI Afterburner ili namba zionekane juu ya mchezo. Kadi ya michoro ilikuwa inasoma asilimia 99 bila kushuka. Prosesa, asilimia 19. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akashusha ubora wa picha kutoka 1440p hadi 720p, bila kugusa kitu kingine chochote, na fremu zikaruka hadi 104. Akairudisha 1440p, zikarudi 48. Kazi nzima ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na mimi nilikuwa nimeshatumia miezi miwili na shilingi milioni mbili na nusu.

Fikiria watu wawili wanaopika chapati, mmoja anasukuma na mwingine anachoma. Prosesa ndiyo inayosukuma: inapiga hesabu za mchezo na kuandaa orodha ya vitu vya kuchorwa katika kila fremu. Kadi ya michoro ndiyo inayochoma. Ikiwa kikaango ni kimoja na kila chapati inakaa dakika mbili, ukimleta msukumaji hodari kuliko wote mjini utapata rundo la chapati mbichi mezani na walaji walewale wakingoja. Kwa hesabu, fremu 48 kwa sekunde maana yake kila fremu inachukua takriban milisekunde 21. Kwenye 720p mashine ileile ilimudu fremu 104, ambazo ni chini ya milisekunde 10 kila moja, na prosesa ilikuwa na kazi karibu ileile. Maana yake ni kwamba kwenye 1440p prosesa yangu ilimaliza sehemu yake mapema na kuketi zaidi ya nusu ya muda wote, ikisubiri kadi. 12400F nayo ilikuwa inasubiri vilevile, kwa muda mfupi zaidi tu. Nilichonunua kwa 1,250,000 ni msubiriaji mwenye kasi zaidi.

Najua umeziona grafu za YouTube zinazoonyesha prosesa moja ikiizidi nyingine kwa fremu 30 au 40. Grafu hizo si za uongo, lakini soma maandishi madogo: wapimaji wanaojua kazi yao huweka kadi kubwa kuliko zote za wakati wao, kama ilivyokuwa RTX 4090, na kucheza kwenye 1080p, makusudi, ili kadi isiwe kikwazo na tofauti za prosesa zionekane. Hiyo ndiyo njia sahihi ya kupima prosesa. Tazama mpimaji huyohuyo anapohamia 4K, utaona mistari ya prosesa nyingi inakaribia kulingana. RX 6600 ni kadi nzuri iliyotengenezwa kwa ajili ya 1080p, na wewe umeipa kazi ya pikseli milioni 3.7 badala ya milioni 2.1. Uzito ulioanza siku uliyobadili monita umetoka hapo, sawasawa na wangu.

Nikujibu na hilo la prosesa mbili, kwa kuwa umeliuliza. Kwa michezo peke yake, 7800X3D ndiyo bora, na haishindi kwa zile namba zilizozungushiwa duara jekundu. Ina kori 8 na gigahezi 5.0, lakini ina megabaiti 96 za kache ya ngazi ya tatu, yaani kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe, wakati 14700K ina 33. AMD ilipanga tabaka la ziada la kache juu ya kile kipande cha silikoni chenye kori, na kwa sababu mchezo huita data ndogondogo wakati wote, kuzipata hapohapo badala ya kuzifuata kwenye RAM kunaokoa muda mwingi. Zile kori 20 za Intel ni 8 kubwa na 12 ndogo, na michezo mingi haina kazi ya kuzigawia zote.

Kuhusu umeme, watu wanapiga kelele mahali pasipo na hasara. Ndani ya mchezo 7800X3D hutumia takriban wati 50 hadi 60, na 14700K huvuka 100 kwa urahisi. Chukua tofauti ya wati 80, ucheze saa nne kila siku kwa mwezi mzima: ni uniti 9.6, ambazo kwa takriban shilingi 350 kila uniti ni shilingi 3,360. Fedha hiyo haimfilisi mtu. Kinachofilisi ni vifaa vya kuhimili wati hizo, yaani kipoozeo kikubwa, ubao mzito na pawa saplai, na hivyo ndivyo vilivyonitoa mimi 1,380,000 baada ya kulipia prosesa. 7800X3D hutulizwa na kipoozeo cha kawaida cha feni na ubao wa B650 wa bei ya wastani. Lakini nayo haikai kwenye ubao ulio nao na haikubali DDR4, kwa hiyo bei yake ya kweli kwako ni prosesa, ubao na RAM mpya kwa pamoja. Usimkubali muuzaji anayekutajia bei ya prosesa peke yake.

Ukisikia 14700K iliyotumika inauzwa kwa bei ya kutupa, kumbuka kwamba mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinapokea volti kubwa kupita kiasi na kupoteza uthabiti. Ilitoa marekebisho kupitia BIOS kuanzia Agosti mwaka huo na kuongeza udhamini kwa miaka 2, lakini marekebisho hayo huzuia madhara, hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Ya mtumba hujui imeishi wapi. 12400F yako, ya kizazi cha 12, haimo katika tatizo hilo.

Mimi niliishia kuuza 14700K, kipoozeo cha maji, Z790 na ile pawa saplai, nikapoteza takriban shilingi 900,000 kwa yote. Nilirudisha 12400F kwenye B660 yake ya zamani, nikanunua RTX 4070. Mahali palepale sokoni, mipangilio ileile, 1440p: fremu 89. Kwa prosesa niliyoiita mzee.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi fanya hivi. Weka MSI Afterburner, iruhusu ionyeshe asilimia ya kadi, asilimia ya prosesa na fremu kwa sekunde. Zima kikomo cha fremu na usawazishaji wa wima (V-Sync), la sivyo namba zitakudanganya. Simama mahali pamoja ndani ya mchezo wenye watu wengi, andika namba za 1440p, kisha shusha hadi 720p uandike tena. Usiangalie asilimia ya prosesa peke yake, kwa sababu kori moja inaweza kuwa imejaa wakati wastani wa zote unasoma 20. Kipimo cha kweli ni kama fremu zimepanda uliposhusha ubora. Zikipanda sana, kadi ndiyo inayosubiriwa, na fedha yote iende kwenye kadi. Zikikataa kupanda, kama inavyotokea kwa wachezaji wa Counter-Strike 2 wanaoshusha mipangilio yote, au kwa Factorio na Microsoft Flight Simulator, hapo prosesa ndiyo kikwazo na nitakuwa wa kwanza kukwambia uichukue 7800X3D.

Ziandike hapa namba za 1440p na za 720p, na uandike pia pawa saplai yako ni ya wati ngapi, maana kadi utakayoweza kuchukua itategemea hilo. Leo usiku nitakuwepo.