Kitabu cha sera za jamii usikianzie ukurasa wa kwanza

Mwanafunzi anakabidhiwa kitabu cha kurasa 320 Jumatatu, semina ni Alhamisi. Anafungua utangulizi, anasoma neno kwa neno, kalamu ya rangi mkononi. Jumatano usiku yuko ukurasa wa 90, kurasa zimegeuka njano tupu, na ukimuuliza mwandishi anabishana na nani, hana jibu. Si mvivu. Amekisoma kama riwaya, na vitabu vya kitaaluma kuhusu jamii, siasa na sera havikuandikwa hivyo. Vimejengwa kama faili la kesi: dai liko mahali pake, ushahidi mahali pake, na mara nyingi udhaifu wa ushahidi umefichwa kwenye kiambatisho ambacho hakuna anayekifungua.

Anza na ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya jina la kitabu. Dakika tano zinatosha. Tazama kama mwaka ulioandikwa ni wa toleo jipya au wa kuchapishwa upya tu. Kurudia uchapaji hakubadilishi hata nukta. Namba ya ISBN nayo inasema jambo: baada ya 978, tarakimu 9976 au 9987 ni za mchapishaji aliyesajiliwa Tanzania, 9966 Kenya, 9970 Uganda. Hilo halipimi ubora, ila linakudokezea kitabu kiliandikwa kikiwa na wasomaji wa wapi akilini.

Kisha tafuta mwaka wa data. Huo hauandikwi kwenye jalada. Kutoka uwandani hadi dukani kitabu huchukua miaka mitatu, minne, hata sita: kuhoji, kunukuu kanda, kuandika, kusubiri wasomaji wa mchapishaji, kurekebisha, kuchapa. Kwa historia ya Pwani ya karne ya 19 hilo si tatizo. Kwa sera ni tatizo kubwa. Kitabu kuhusu bima ya afya Kenya kilichotoka mwanzoni mwa 2024 kinaizungumzia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kama chombo kilicho hai, na Oktoba mwaka huohuo nafasi yake ilishachukuliwa na SHA, mamlaka mpya ya afya ya jamii. Kitabu hakijawa kibovu; kimekuwa historia, na ndivyo unavyopaswa kukinukuu.

Ukurasa wa shukrani watu wanauruka, nao ndio wenye umbea wenye manufaa. Hapo utajua kama kitabu kilizaliwa na tasnifu ya uzamivu (wasimamizi watatajwa), mwandishi alikaa wapi, na nani alilipa. Shirika likifadhili mradi wa ruzuku kwa kaya maskini, halafu likafadhili na kitabu cha kuutathmini, usikitupe. Soma tu majedwali yake kwa jicho la mnunuzi wa gari la mtumba.

Baada ya hapo nenda hitimisho, ndipo urudi kurasa nne tano za mwisho za utangulizi, pale mwandishi anapoeleza sura moja moja inafanya nini. Sasa unajua anapokwenda na njia aliyopita. Saa moja imekwisha, na pengine umeshaelewa zaidi ya yule wa kurasa 90.

Hatua inayofuata ndiyo inayowatenganisha wasomaji: mbinu za utafiti. Uliza maswali ya kijinga. Walihojiwa wangapi? Mikoa ipi? Nani aliwachagua? Chukua utafiti wa walengwa wa TASAF, mfuko wa Tanzania unaolipa ruzuku kwa kaya maskini. Mtafiti akifika kijijini siku ya malipo, akahoji walio kwenye foleni, atapata watu walioingizwa kwenye orodha. Walioachwa hawapo pale, na walioondolewa baadaye hawana sababu ya kufika. Atarudi na kitabu kinachosema mpango unathaminiwa sana. Akimwomba mtendaji wa kijiji amtafutie watu wa kuzungumza nao, ataletewa wale ambao mtendaji haoni aibu nao. Kasoro hizi hazionekani kwenye sura zenyewe. Zinaonekana kwenye aya moja ya kiambatisho inayosema wahojiwa “walipatikana kwa msaada wa uongozi wa eneo”. Ukiiona aya hiyo, rudi kwenye dai kuu uone kama bado linasimama.

Lugha ya mahojiano nayo iangalie. Kwa Kiswahili tuna maskini, fukara, mnyonge, hohehahe, na mtaani choka mbaya. Si visawe. Mnyonge ni mtu asiye na nguvu ya kujitetea. Anaweza kuwa na shamba. Hohehahe hana kitu wala mtu. Kwenye kitabu cha Kiingereza wote hao hugeuka neno moja. Mwandishi makini huacha neno la asili kwenye nukuu au kwenye tanbihi. Asipofanya hivyo popote katika kurasa mia tatu za mahojiano yaliyofanyika Singida au Kwale, jiulize ni nani aliyetafsiri, na alilipwa kwa ukurasa au kwa siku.

Tukija kwenye takwimu, hapa ndipo watu wengi huanguka, wakiwemo wanaoandika hotuba za wakubwa. Mfano mmoja tu, umaskini Tanzania Bara. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2011/12 ulitoa asilimia 28.2 ya watu walio chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Ule wa 2017/18 ukatoa 26.4. Mwandishi wa kwanza anasema umaskini umepungua. Mwandishi wa pili anasema maskini wameongezeka, kutoka takriban milioni 12 hadi milioni 14. Semina nzima inagawanyika, na wote wawili wako sawa: asilimia ilishuka kidogo huku idadi ya watu ikipanda haraka. Wa tatu anakuja na kitabu kinachodai karibu nusu ya Watanzania ni maskini kwa mwaka uleule. Naye hajakosea. Ametumia mstari wa Benki ya Dunia wa dola 1.90 kwa siku, si mstari wa taifa.

Mstari wa taifa wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi, yaani kama 1,640 kwa siku, kwa kila mtu mzima. Maneno hayo matatu ya mwisho yana uzito: mtoto hahesabiwi kama mtu mzima kamili, anapewa sehemu kulingana na umri na jinsia. Ukigawa matumizi ya kaya ya watu sita kwa sita utapata jibu jingine kabisa, na kitabu chako hakitalingana na cha jirani. Dola za Benki ya Dunia nazo si za kubadilishia dukani kwa wauza fedha. Zimerekebishwa kwa tofauti ya bei kati ya nchi na nchi. Anayezidisha 1.90 kwa bei ya dola ya siku hiyo amepotea kabla hajafika kwenye jedwali.

Mstari wenyewe hauna makao. Ulikuwa dola 1.25 kuanzia 2008, 1.90 kuanzia 2015, 2.15 kuanzia 2022, na dola 3 tangu Juni 2025. Kwa hiyo usilinganishe kitabu cha 2012 na cha 2023 kwa kusoma asilimia tu. Kabla ya kunukuu asilimia yoyote ya umaskini andika mambo manne kando yake: mstari upi, mwaka gani wa data, eneo lipi, na inahesabu watu au kaya. Ukikosa moja, usiinukuu.

Eneo, kwa sababu “Tanzania” kwenye vitabu vingi maana yake ni Bara. Utakuta sentensi kwamba nchi haina pensheni ya wazee wote. Kwa Bara ni sahihi. Zanzibar ilianza kulipa Aprili 2016, kila mwenye miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo, bila kupima nani maskini. Njia ya haraka ya kumpima mwandishi: fungua faharasa, tafuta “Zanzibar”. Ikiwa jalada linasema Tanzania na faharasa ina kurasa mbili tu za Zanzibar, zote kuhusu Mapinduzi, umeshajua kitabu kinahusu nini hasa.

Nadharia usiiogope, ila usiimeze. Nadharia ni taa. Inamulika upande mmoja na kuacha kivuli upande wa pili. Operesheni Vijiji, kuhamishwa kwa wakulima wa Tanzania kwenda vijiji vya pamoja kati ya 1973 na 1976, ni mfano mzuri kwa sababu umemulikwa na wengi. Goran Hyden, msomi wa siasa aliyefundisha Dar es Salaam, alidai mwaka 1980 kwamba serikali haikuwahi kumtia mkulima mdogo mkononi: ana ardhi yake, jembe lake na ndugu zake, hivyo anaweza kuikwepa. James Scott, msomi wa siasa wa Marekani, mwaka 1998, akaitazama operesheni ileile upande wa pili, akaona serikali inayotaka vijiji vilivyonyooka ili iweze kuhesabu watu na kuwafikia. Issa Shivji, mwanazuoni wa Tanzania, alikuwa ameshasoma zama hizo kwa jicho la tabaka mwaka 1976. Soma wawili kati yao kwa pamoja, sura moja moja, kisha uliza: ushahidi huu mmoja ungemshangaza nani?

Na hapo fuata tanbihi. Sura ya Scott kuhusu Tanzania imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya tafiti za wengine waliokuwa vijijini wakati ule. Si aibu, kazi yake ni ya kuunganisha nchi nyingi. Ila ukitaka kujua nini kilitokea Dodoma au Kigoma, usiishie kwake. Mnukuu yeye kwa hoja, na wale wa kwenye tanbihi kwa tukio.

Vitabu vya makala, vile vyenye wahariri wawili na sura kumi na tano, visome kama gazeti. Utangulizi wa wahariri, sura mbili zinazokuhusu, basi. Kila sura ina data ya mwaka wake, na ubora hupanda na kushuka kama barabara ya vumbi. Kwenye marejeo taja mwandishi wa sura, si wahariri.

Bei ni kilio cha wote. Jalada gumu la wachapishaji wakubwa wa Uingereza hufika pauni 100 au zaidi, kwa sababu linauzwa kwa maktaba. Jalada laini mara nyingi hutoka mwaka mmoja au mmoja na nusu baadaye, kwa theluthi ya bei au chini ya hapo. Kabla ya kununua, tafuta jina la kitabu kwenye tovuti za OAPEN na DOAB, ambako vitabu vizima vya kitaaluma hupakuliwa bure kihalali. CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii Afrika lililoko Dakar, nayo imeweka vyake vingi wazi. Ukikosa, mwandikie mwandishi mistari mitatu: wewe ni nani, unataka sura ipi, kwa kazi gani. Usiombe kitabu kizima. Sura moja wengi hutuma.

Jihadhari na wanaokuandikia barua pepe wakitaka kuchapa tasnifu yako haraka bila msomaji yeyote kuipitia. Vitabu vya namna hiyo vimejaa mtandaoni: havina faharasa, havina jina la mfululizo wala mhariri, sura ya pili bado inaitwa “mapitio ya maandiko”. Data yake inaweza kuwa nzuri, lakini hakuna aliyeikagua, kwa hiyo kazi ya kukagua inakuangukia wewe.

Muhtasari wako usizidi nusu ukurasa. Dai kwa sentensi moja, kwa maneno yako. Ushahidi: nani, wapi, wangapi. Anabishana na nani. Kitu gani kingemfanya abadili mawazo. Halafu nukuu mbili au tatu tu, kila moja na namba ya ukurasa papo hapo. Nakala za simu hubadilisha kurasa kila ukikuza herufi, kwa hiyo kama unasoma humo andika namba ya sura na aya. Na juu kabisa, miaka miwili pamoja: kitabu 2021, data 2015.